Binti Yangu na Tangi la Samaki

Kitu cha kwanza alichokinunua binti yangu baada ya kuanza kazi kilikuwa jozi ya viatu vya kutelezea kwenye barafu. Vilikuwa vyeupe, vya ngozi, vyenye kamba ndefu, na chini ya kila soli palikuwa na chuma chembamba kama bapa la kisu. Alivikuta kwenye mnada wa mitumba, chini ya rundo la majaketi. Muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini. Alikuwa akiwaambia wateja kuwa ni viatu vya watu wa machinjioni.

Nilimwuliza atavivaa wapi.

"Sitavivaa, mama. Hata si saizi yangu."

"Sasa?"

"Ni vizuri tu."

Alivitundika ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda, kwa kamba zake zenyewe.

Siwezi kusema alinisahau. Mwezi ule ule aliniletea kitenge na mfuko wa sukari, na Jumapili alitoa shukrani kanisani kama inavyompasa mtoto aliyepata kazi. Yaliyobaki yalikuwa yake. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa mahakama baada ya miaka ishirini na nane, na baba yake alikuwa amefariki. Kaka yake ni mwalimu Mbinga, ana mke na watoto. Nyumbani kwetu Songea tulibaki wawili, mimi na yeye, naye alikuwa na miaka ishirini na nne na kazi kwenye duka la pembejeo mjini, akiuza mbegu za mahindi na dawa za viwavi na kuwaelekeza wakulima namna ya kuzitumia. Wakulima walimpenda. Alikuwa na subira nao, na hakumuuzia mtu kitu asichokihitaji.

Mwenyewe alinunua asivyovihitaji. Baada ya viatu ikaja tufe la dunia lenye taa ndani, kubwa kama boga la kushinda maonyesho. Ikafuata taipureta yenye herufi ambazo hakuna mtu aliyezitambua. Mimi nimechapa hukumu na mienendo ya kesi kwa nusu ya maisha yangu, na siku moja alipokuwa kazini nilikaa mbele ya ile mashine nikaacha vidole vifuate mazoea. Nilichapa mstari mzima wa kufungulia shauri. Kwenye karatasi yakatoka maandishi nisiyoweza kuyasoma, yamepangika vizuri, bila kosa hata moja kwa jinsi nilivyoweza kuona. Nikaichana karatasi nikaitia jikoni.

Kaka yake alikuwa akipiga simu kila Jumamosi.

"Mama, mkanye," alisema. "Wenzake wana viwanja. Wengine wameshapandisha msingi."

"Nitamwambia."

"Usimwambie, mkanye."

Nilimwambia. Alinisikiliza vizuri, akasema kaka ana haki ya kuwa na wasiwasi, akaendelea kumenya ndizi.

Tangi lilikuja mwishoni mwa mvua. Kulikuwa na hoteli mjini iliyobadilisha mmiliki, na mmiliki mpya alikuwa anaondoa vitu vya zamani: viti, mapazia, kaunta ya baa. Watu walikwenda kununua viti. Binti yangu alikwenda baada ya kazi akarudi na kirikuu, kile kigari cha mizigo, na ndani yake, limezungushiwa magodoro, tangi la kioo la kufugia samaki, refu kuliko mimi nikilala. Wanaume wanne walilishusha. Lilipofika mlangoni halikupita. Walijaribu kuliingiza kwa ubavu, kwa pembe, kwa kuliinua juu, halikupita.

Nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage. Jirani yetu wa upande wa pili alitoka akasimama na mikono kiunoni, kisha mkewe, kisha watu wawili waliokuwa wanapita. Binti yangu aliwaangalia wale wanaume, akaniangalia mimi, akaenda kumwita fundi. Fundi aling'oa geti la chuma, kisha mlango, kisha fremu yenyewe pamoja na sehemu ya plasta. Tangi likapita. Kabati la vyombo vya wageni likahamishiwa chumbani kwangu. Fremu ilirudishwa siku ya pili, na tangu hapo mlango wetu unafunga kwa kuusukuma na goti.

Jioni ile tuligombana. Hatujawahi kugombana sana katika nyumba ile, kwa hiyo nakumbuka karibu kila neno.

"Jiko linavuja," nilisema. "Mvua ikinyesha naweka sufuria mbili chini. Na wewe unaleta bwawa sebuleni."

"Bati nitanunua, mama."

"Lini?"

"Mwezi ujao."

"Kwa nini bati liwe la mwezi ujao na kioo kiwe cha leo?"

Alikuwa anafuta tangi kwa kitambaa, kwa ndani, ameinama mpaka kichwa kilikuwa kimezama humo. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Mama, ile suti ya baba aliivaa mara ngapi?"

Inabidi nieleze suti. Mume wangu alikuwa mtunza ghala, mtu mwangalifu. Kijana wetu alipohitimu chuo, alinunua kitambaa kizuri cha buluu iliyoiva, akampelekea fundi anayeheshimika, akashonewa suti. Siku ya mahafali kukawa na vumbi, akaona aitunze. Siku ya harusi ya kijana mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia ilikuwa tope, akavaa ile ya zamani. Ilikaa kabatini ndani ya nailoni yake. Kila mwaka aliitoa, akaianika kivulini ukingoni mwa baraza, akairudisha. Alipofariki kwa presha, ndiyo aliyozikwa nayo.

"Mimi ndiye niliyeitoa kwenye nailoni," binti yangu alisema. Sasa alikuwa amesimama, kitambaa mkononi. "Shangazi alinituma. Ilikuwa bado na pini za fundi kwenye mkono wa kushoto, mama. Pini mbili. Nilizichomoa nikaziweka mfukoni kwa sababu sikujua pa kuziweka."

Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule. Sikujua habari za pini.

Mahakamani, shahidi akisema jambo zito, karani huandika na kungoja swali linalofuata. Nilikwenda jikoni kusonga ugali. Tulikula. Alisema chumvi ya mboga ilikuwa sawa, nami nikasema ndiyo.

Isidhaniwe kwamba neno lile lilinigeuza. Bado nilitaka bati. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba mtu anaweza kuvaa suti yake na pia akaziba paa. Ila tangu siku ile sikumweleza tena kaka yake kila kitu kinachoingia ndani. Alipouliza nilisema hatujambo.

Samaki alikwenda kuwafuata mwenyewe Mbamba Bay, kwa basi, na ndoo mbili zenye vifuniko alivyovitoboa. Ziwani kule kuna samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe, wa njano na wa buluu, wavuvi huwaita mbuna. Aliporudi na kuniita nikawaone, neno langu la kwanza lilikuwa:

"Una kibali?"

Akacheka, akatoa mfukoni karatasi ya ofisi ya uvuvi, yenye mhuri. Niliisoma yote. Ilikuwa halali. Nikamwambia aitunze mahali pakavu.

Walikuwa kumi na mmoja. Alipanga mawe aliyoyaokota mtoni, akaunganisha pampu ya hewa iliyokuwa inanguruma mchana kutwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili, akawamimina. Kwa siku kadhaa walijificha kwenye mawe, sebule ikawa na maji matupu yanayomulikwa na taa. Kisha wakatoka.

Zamu ya jumuiya ya kanisa kusali ilipofika nyumbani kwetu, akina mama walikaa wakilitazama tangi. Tulisali rozari. Nilipofumbua macho katikati ya fumbo la tatu niliona nusu ya watu wamefumbua pia, na midomo yao inaendelea na Salamu Maria huku macho yao yakifuata samaki kutoka pembe hii hadi ile. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye umri mkubwa kuliko wote, alisubiri mpaka baraka ya mwisho.

"Mwanangu," alimwambia binti yangu, "hawa mtawala lini?"

"Hawaliwi, bibi. Ni wa kuangalia."

"Wa kuangalia." Alilitafakari neno. "Na wao wanakula?"

"Wanakula, bibi. Mara mbili kwa siku."

"Basi wamewapata," alisema, na wote tukacheka, mimi pia.

Bati alinunua. Alichelewa mwezi mmoja zaidi ya alivyoahidi, lakini alinunua, na jiko likaacha kuvuja. Naliandika hili kwa sababu kaka yake hadi leo haamini.

Mimi na samaki hatukuwa na uhusiano. Sikuwalisha, sikubadilisha maji, sikuwapa majina. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba ni mali yake na kazi yake, naye alikubali. Ilikuwa hivyo mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa nane. Alikuwa amekwenda Namtumbo na bosi wake kupeleka mbegu. Saa nne asubuhi umeme ulikatika. Sikujali, nilikuwa na kuni. Kama saa tano hivi simu ikaita.

"Mama, hapo umeme upo?"

"Haupo."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mama, watakufa. Pampu ikizima hawana hewa. Naomba uchukue jagi. Chota maji ya tangi, uyamimine tena humo humo kutoka juu, juu kabisa, mpaka yatoe povu. Naomba, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umeme urudi."

Nilikwenda kuangalia. Samaki wote walikuwa juu, vinywa vinagusa uso wa maji, vinafunguka na kufumba. Samaki mmoja wa njano alikuwa ameshalala ubavu. Nilileta kigoda, nikapanda, nikaanza kuchota.

Sitaki kuitia chumvi kazi ile. Ilikuwa kazi ya mkono tu, kama kutwanga. Jagi moja, mkono juu, maji yanashuka, povu linaenea, jagi jingine. Mkono wa kulia ulipochoka nilihamia wa kushoto. Sakafu ililowa, na kanga yangu ikalowa. Saa saba nilikunywa uji baridi nikiwa nimesimama palepale juu ya kigoda. Jirani alipita kuniomba ungo, akanikuta hivyo.

"Mama mwalimu, kwema?" Huniita hivyo kwa sababu ya kijana wangu.

"Kwema. Ungo uko nyuma ya mlango."

Akauchukua akaondoka bila kuuliza neno. Nilimshukuru kwa hilo.

Kwa kuwa nilikuwa pale kwa saa nyingi na sikuwa na kitu kingine cha kutazama, niliwatazama. Niliona kwamba hawafanani kama nilivyodhani. Yule wa buluu mkubwa ni mgomvi hata anapokosa pumzi. Wawili wa njano hawaachani. Na mmoja, wa kijivu, asiyevutia, alikuwa amefumba kinywa wakati wenzake wote wamefungua, shavu limejaa kama mtoto aliyeficha pipi. Nilidhani ni ugonjwa. Nilipiga simu.

"Huyo wa kijivu amevimba mdomo."

"Amevimba?" Kisha akapaza sauti, nikasikia bosi wake akimwuliza kuna nini. "Mama, amebeba! Wanabeba watoto mdomoni. Hali chakula wiki tatu. Mama, huyo usimwache!"

Mapadri wangepata mahubiri hapo. Mimi nilikuwa na jagi. Nilihamisha kigoda karibu na pembe aliyokuwapo yule wa kijivu nikaendelea kumimina upande ule.

Umeme ulirudi saa kumi kasorobo. Pampu ilianza kunguruma, na mimi nilishuka nikakaa sakafuni kwenye maji kwa sababu magoti yalikataa kufika kwenye kiti. Walikuwa wamekufa watatu. Niliwatoa kwa kijiko cha mchuzi nikawaweka kwenye bakuli, nikalifunika kwa sahani, ili awaone mwenyewe.

Alirudi jua linazama, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alipiga magoti mbele ya tangi bila kuvua mkoba, akahesabu. Kisha akafunua bakuli. Alilia kidogo, bila kelele, kama alivyolia siku ya baba yake, akijifuta kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu wa kulia haunyanyuki.

"Nilichelewa kuanza," nilisema. "Wewe ulipiga saa tano, umeme ulikatika saa nne."

"Wamebaki wanane, mama."

"Nimeona."

Alishika kifundo cha mguu wangu, kilichokuwa karibu na mkono wake, akakaa hivyo akiwa bado anaangalia maji. Kisha akainuka, akanichemshia maji, akanikanda bega kwa mafuta ya karafuu, akapika yeye.

Watoto wa yule wa kijivu walitoka baada ya wiki mbili. Nilikuwa peke yangu sebuleni walipotoka. Walikuwa kama mbegu za mchicha zenye macho. Wengi waliliwa na wenzao wakubwa kabla binti yangu hajarudi kuwatenga, na nilipomweleza hilo alisema ndivyo ilivyo.

Mwaka uliofuata bosi wake alifungua duka la pili Tunduru akamwomba akalisimamie. Ilikuwa kupandishwa cheo, na alifurahi. Tangi halikuweza kwenda. Alipata mteja, mtu aliyekuwa anafungua duka la dawa na alitaka wanaosubiri wawe na kitu cha kutazama. Kabla ya kukubaliana naye alinijia nikiwa nafua.

"Mama, au niwaache kwako?"

"Hapana," nilisema, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeshalea.

Aliitikia kwa kichwa. Wakaja watu, wakaondoa tena geti, mlango na fremu. Viatu vya barafu alivitia kwenye sanduku akaondoka navyo, taipureta pia. Tufe alimpa mtoto wa kaka yake. Kwa wiki moja hivi nilikuwa nikinyamaza katikati ya kazi, nasikiliza kama pampu imezima. Kisha nikazoea. Kabati la vyombo lilirudi mahali pake, na siku moja ya kawaida kabisa, Jumanne, nilitoa zile sahani za wageni nikaanza kulia maharage yangu humo. Mbili zimeshavunjika.

Nilikwenda kumtembelea msimu wa korosho ulipoanza. Alikuwa amepanga chumba kimoja na ukumbi mdogo kwa mama mmoja wa Kiyao, mjane kama mimi, aliyenipokea barazani.

"Karibu, mama yake. Binti yako ni mtu mwema, alhamdulillahi. Ila mwambie alale kitandani."

Nilipoingia nilielewa. Chumbani palikuwa na godoro sakafuni, chandarua kimefungwa kwenye misumari minne, jiko la gesi na sufuria moja. Alikuwa amekaa hivyo miezi mitatu. Nilimwuliza kitanda kiko wapi, akasema bado anafikiria.

"Kitanda hakifikiriwi," nilisema. "Vaa viatu twende kwa fundi."

Karakana ilikuwa nyuma ya soko. Fundi, mzee mwenye kalamu ya risasi sikioni, alituonyesha vitanda vitatu vilivyokwisha kutengenezwa, imara, vya kuchukua siku ile ile. Nilivitikisa kimoja kimoja. Nikachagua cha katikati. Binti yangu alikuwa amesimama mbali kidogo, mbele ya ubao wa kichwani mwa kitanda uliokuwa umeegemezwa ukutani, haujakamilika, anapitisha kidole kwenye michoro.

"Shikamoo, mzee. Huu ni wa nani?"

"Marahaba. Mwenyewe aliuacha. Alitaka maua, kisha akasema hana haja."

"Unaweza kuchonga ndege?"

"Ndege naweza." Mzee aliweka randa chini. "Ila kuchonga kunataka muda, mwanangu. Wiki tatu, labda nne. Na hivi vyote viko tayari."

Binti yangu aligeuka kuniangalia. Nilifikiria mgongo wake na sakafu ya saruji, na wiki nne, na yule mama wa Kiyao atakavyosema. Nilifikiria pia kwamba mimi mwenyewe ningelala kwenye godoro lile siku tano zilizobaki.

Nikamwuliza fundi anajua kuchonga ndege wa aina gani.